Mchungaji Aliyehamia Porini

Januari 1975 jarida la Ethics, linalochapishwa Chicago na kusomwa na wanafalsafa kuliko na wapenda misitu, lilitoa makala yenye swali kwenye kichwa chake: je, kuna maadili ya kiikolojia? Mwandishi hakuwa mtu wa kutajika. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha jimbo huko Fort Collins, Colorado, mji ulio chini ya Milima ya Rocky, na kabla ya hapo alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri. Aliitwa Holmes Rolston III.

Kwa wanafalsafa wengi wa siku zile, jibu la swali lake lilikuwa jepesi. Maadili ni mambo ya watu kwa watu. Ukikata msitu, kosa lako, kama lipo, ni dhidi ya jirani aliyeutegemea kwa kuni na maji. Msitu wenyewe haukudai kitu. Rolston alikataa, na akatumia karibu miaka hamsini iliyofuata kueleza kwa nini anakataa. Ukaidi huo ulisaidia kuzalisha tawi jipya la falsafa. Pia ulimfikisha kwenye mabishano makali kuliko alivyozoea, pale hoja iliyozaliwa katika milima isiyo na wakazi ilipogusa faru, majangili na wanavijiji wa Afrika.

Nyumba ya wachungaji, 1932–1958

Alizaliwa 19 Novemba 1932 Rockbridge Baths, katika bonde la Shenandoah, jimbo la Virginia. Babu yake alikuwa mchungaji, baba yake pia, na wote wawili waliitwa Holmes Rolston. Ndiyo maana yeye akabeba namba tatu nyuma ya jina. Bonde lile ni nchi ya wakulima na malisho, limezungukwa na milima, na mtoto wa mchungaji hakukosa mahali pa kuzurura. Likizo nyingine alizipitisha kwenye shamba la upande wa mama yake, Alabama.

Hata hivyo chuoni hakwenda kusoma dini, wala mimea. Davidson College, North Carolina, alisoma fizikia na kumaliza mwaka 1953. Hesabu za chembe na nguvu zilimvutia kwa sababu ile ile iliyowavuta waumini wengi wa kizazi chake: zilionyesha mpangilio. Baadaye alirudi kwenye njia ya ukoo, akaingia seminari ya Union huko Richmond, kisha akavuka bahari hadi Edinburgh, Scotland, ambako mwaka 1958 alipata shahada ya uzamivu chini ya Thomas Torrance, mmoja wa wanateolojia wakubwa wa Kiprotestanti wa karne ya 20. Utafiti wake ulimhusu Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, na jinsi warithi wake walivyomgeuza.

Hapa ndipo pa kuanzia kama tunataka kuelewa yaliyofuata. Kila shule aliyopita ilimpa elimu nzuri na ikamnyima kitu kimoja. Fizikia ilimfundisha kwamba ulimwengu ni maada inayokwenda kwa kanuni, haina wema wala ubaya. Teolojia aliyoisoma Edinburgh ilimhubiria neema ya Mungu kwa mwanadamu, huku viumbe vingine vikibaki kama jukwaa ambalo mchezo wa wokovu unachezwa. Kijana aliyekulia bondeni alitoka na vyeti vitatu, na hakuna hata kimoja kilichomweleza kwa nini alisimama kila alipoona ua la mwituni.

Mimbari na magogo, 1959–1968

Kwa karibu muongo mmoja alikuwa mchungaji wa usharika kusini-magharibi mwa Virginia, karibu na Bristol, mji uliokaa mpakani na Tennessee. Alihubiri, alizika, alibatiza, alitembelea wagonjwa. Siku zilizobaki aliingia milimani. Milima ya kusini mwa Appalachia ina utajiri wa mimea ambao Ulaya ingeuonea wivu, na Rolston alianza kuisoma kwa bidii ya mwanafunzi. Alijiandikisha masomo ya biolojia na jiolojia katika chuo cha jirani huko Johnson City. Akajifunza kutambua ile mimea midogo ya kijani inayotanda juu ya mawe na magogo yenye unyevu, mimea ambayo mtu wa kawaida huikanyaga bila kujua ameikanyaga. Kuitofautisha aina moja na nyingine huhitaji kupiga magoti na kioo cha kukuzia mkononi. Mchungaji akapiga magoti.

Sidhani waumini wake walijua la kufanya na jambo hilo. Kwa upande wake, swali lilizidi kuwa zito. Mmea ule mdogo haumlishi mtu, haumtibu mtu, hata kupendeza unapendeza kwa aliyeinama tu. Lakini una jitihada zake: unashika maji, unajenga mwili wake, unatoa spora zake ndogo mno, unapambana na ukame. Kuna kitu unachokitetea. Kama hiyo si thamani, ni nini?

Akaenda kuwauliza wanafalsafa. Pittsburgh ilikuwa na idara iliyosifika kwa falsafa ya sayansi, akapata shahada ya uzamili hapo mwaka 1968. Jibu alilopewa lilimkatisha tamaa kwa mara ya tatu: thamani huja na akili inayothamini; akili ikiondoka, thamani imeondoka. Mwaka huo huo Colorado State University ikamwajiri kufundisha falsafa. Alikuwa na umri wa miaka 35, na aliacha utumishi wa usharika bila kuacha imani.

Swali lililokuwa hewani, 1962–1979

Alifika Fort Collins wakati mzuri. Rachel Carson alikuwa ametoa kitabu chake juu ya sumu za kuulia wadudu mwaka 1962, na Wamarekani wakaanza kujiuliza kwa nini ndege wamepungua. Mwaka 1964 Bunge lilipitisha sheria ya kutenga nyika zisizoguswa. Mwaka 1967 mwanahistoria Lynn White aliandika katika jarida la Science kwamba mizizi ya janga la mazingira imo katika Ukristo wa Magharibi, uliomfundisha binadamu kwamba dunia ipo kwa ajili yake. Tuhuma hiyo ilimgusa mchungaji yeyote aliyekuwa akisoma. Kisha 22 Aprili 1970 ikaja Siku ya Dunia ya kwanza, mamilioni wakatoka mitaani, na mwaka 1973 ikapitishwa sheria ya kulinda spishi zilizo hatarini kutoweka.

Wanafalsafa walichelewa, lakini walipokuja walikuja pamoja. Mwaka 1971 J. Baird Callicott alianzisha huko Stevens Point, Wisconsin, kozi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya maadili ya mazingira. Mwaka 1973 Arne Naess wa Norway alitofautisha ikolojia ya juu juu na ile ya kina. Mwaka huo huo, kwenye kongamano la dunia la falsafa huko Varna, Bulgaria, Richard Routley kutoka Australia alitoa mfano ambao hadi leo wanafunzi huupigania darasani: mtu wa mwisho duniani, akijua kwamba baada yake hakuna binadamu, anaamua kuangamiza kila mti na kila mnyama anayeweza kumfikia. Hamdhuru mtu. Je, amekosea?

Makala ya Rolston ya 1975 ilileta utaratibu katika kelele hizo. Alionyesha kwamba watu wanaosema "maadili ya kiikolojia" hutaja vitu viwili tofauti. Wengine wanamaanisha busara tu: tusichafue mto kwa sababu tutakunywa maji yake. Huko ni kujipenda kwenye akili. Wengine wanadai kitu kigumu zaidi, kwamba wajibu unatoka kwenye maumbile yenyewe. Rolston alichagua upande wa pili, akijua kwamba mzigo wa kuthibitisha utakuwa wake.

Alipenda kueleza tofauti hiyo kwa vibao vya njiani. Katika eneo moja la kupigia kambi kwenye Milima ya Rocky, kibao cha zamani kiliwaomba wageni waache maua ili wengine nao wayafurahie. Baadaye kikawekwa kingine kilichosema tu kwamba maua yaachwe yaishi. Mbao mbili, falsafa mbili.

Mwaka 1979 Eugene Hargrove alianzisha jarida la Environmental Ethics, na Rolston alikuwemo miongoni mwa walioliweka kwenye miguu yake. Sasa uwanja ulikuwa na mahali pa kugombania.

Nyati kwenye barafu, 1982–1988

Miaka ya themanini ndiyo iliyomfanya Rolston awe Rolston, na sehemu kubwa ya kazi yake ilitokana na hifadhi moja: Yellowstone. Alipenda visa vya kweli kuliko mifano ya kubuni, na hivi viwili alivirudia sana.

Februari 1983 nyati mmoja wa Kimarekani alitumbukia kwenye Mto Yellowstone baada ya barafu kupasuka chini yake. Watu waliokuwa wakipita na pikipiki za theluji walimwona akihangaika. Wakamfunga kamba kwenye pembe na kuvuta, wakakaribia kumtoa, wakashindwa. Utaratibu wa hifadhi ulikuwa kutoingilia. Giza likaingia, usiku ule baridi ikashuka mno, na asubuhi nyati alikuwa amekufa, barafu imegandia mwili wake. Kunguru na mbwa wa mwituni walikula sehemu iliyokuwa juu. Majira ya kuchipua yalipoyeyusha barafu, dubu alionekana akila kilichobaki, na kipande cha kamba kikiwa bado kwenye pembe.

Mwaka uliofuata dubu jike na watoto wake watatu walivuka barafu ya Ziwa Yellowstone hadi kisiwa kidogo, wakala mizoga miwili ya kulungu wakubwa, na barafu ikayeyuka nyuma yao. Kisiwa hakikuweza kuwalisha. Safari hii wasimamizi wa hifadhi waliwachukua na kuwarudisha nchi kavu.

Wasomaji wengi huona hapo unafiki. Rolston aliona mantiki, na hoja yake inastahili kusikilizwa kabla ya kukataliwa. Maumivu ya nyati si uonevu, kwa sababu porini hakuna aliyemwonea. Baridi ile ile ndiyo iliyowafanya nyati wa Yellowstone kuwa wanyama walivyo. Kumhurumia ni sawa, lakini kuligeuza pori kuwa zahanati ni kulifuta. Dubu wale walikuwa tofauti kwa sababu aina yao ilikuwa hatarini, na hatari hiyo ililetwa na watu. Aliyeokolewa pale alikuwa ukoo mzima, kupitia kwa mama mmoja.

Kwake spishi haikuwa jina kwenye orodha ya mtaalamu. Ilikuwa ukoo unaosafiri katika wakati kwa mamilioni ya miaka, na kila mnyama ni mshika zamu. Ukimuua mmoja umezima uhai mmoja. Ukiitokomeza spishi umezuia kuzaliwa kwa wote ambao wangefuata. Aliutaja kuwa ni uuaji unaopita uuaji.

Haya yote aliyakusanya kwanza mwaka 1986 katika Philosophy Gone Wild, kisha mwaka 1988 katika Environmental Ethics, kitabu ambacho wengi hukiona kuwa msingi wa kazi yake. Watetezi wa wanyama hawakufurahi. Peter Singer alikuwa amejenga maadili yake juu ya uwezo wa kuhisi maumivu, na Tom Regan juu ya haki za kila mnyama mmoja mmoja. Regan alikuwa ameshaonya kwamba kumtoa mnyama mmoja kafara kwa ajili ya jumuiya ya viumbe ni aina ya ufashisti wa mazingira. Rolston alisimama kinyume chao hata kwenye kisiwa cha San Clemente, California, ambako maelfu ya mbuzi waliogeuka wa mwituni waliondolewa, wengi kwa risasi, ili kuokoa mimea michache isiyopatikana kwingine. Mbuzi wako wengi duniani. Mimea ile ilikuwa pale tu.

Mantiki ni safi. Tatizo ni kwamba Yellowstone na San Clemente ni mahali ambapo hakuna aliyekuwa akilala njaa karibu na mjadala, na wenyeji wa asili waliotumia nchi ya Yellowstone kwa vizazi walikuwa wameshaondolewa zamani, karne moja kabla ya hoja kufika.

Hoja yafika Afrika, 1989–1998

Pigo la kwanza lilitoka India, na lilichapishwa katika jarida la nyumbani. Mwaka 1989 Ramachandra Guha aliandika katika Environmental Ethics kwamba ibada ya Wamarekani kwa nyika isiyoguswa, ikihamishiwa katika nchi maskini na zenye watu wengi, hugeuka kuwa njia ya kuchukua ardhi ya maskini na kuwapa matajiri. Mfano wake ulikuwa hifadhi za chui milia, zilizowahamisha wanavijiji na kuwapokea watalii. Guha hakuwa akimlenga Rolston peke yake, lakini hakuna aliyesoma makala ile bila kumfikiria.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda India. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na kufikia 1959 Wamasai walikuwa wameondolewa ndani yake na kuelekezwa Ngorongoro. Mipaka ile ilichorwa kwa hoja zinazofanana sana na za Rolston, kabla yeye hajaandika hata sentensi moja.

Julai 1991 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa kongamano la dunia la falsafa juu ya binadamu na mazingira. Mwandalizi mkuu alikuwa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtu aliyejulikana zaidi kwa mahojiano yake na wazee wenye hekima wa Kenya. Oruka aliingia kwenye mazingira kwa mlango mwingine kabisa. Rolston alianza na mmea juu ya gogo. Oruka alianza na deni. Katika maandishi aliyoyatoa miaka hiyo, mengine pamoja na Calestous Juma, alizifananisha nchi za dunia na ndugu wa familia moja, wengine matajiri na wengine mafukara, wote wakiwa na wazazi wale wale. Utajiri wa mmoja hauwezi kuhesabiwa kuwa jasho lake tu, na msiba wa mmoja ni aibu ya wote. Dunia ni urithi wa ukoo. Lilikuwa jibu la moja kwa moja kwa Garrett Hardin, Mmarekani aliyedai mwaka 1974 kwamba nchi tajiri ni mashua ya kuokolea, na anayewapandisha maskini atazama nao. Oruka aligongwa na gari Nairobi, akafariki Desemba 1995, na falsafa yake ya mazingira ikabaki nusu njia.

Miezi michache baadaye, mwaka 1996, Rolston alichapisha insha iliyowachukiza watu kuliko yote aliyoandika. Aliuliza kama ni lazima kuwalisha watu kwanza daima, kabla ya kuokoa maumbile, na akajibu kwamba si daima. Mfano wake mmoja ulikuwa faru weusi wa Zimbabwe, ambako askari wa wanyamapori waliruhusiwa kuwapiga risasi majangili. Takwimu za faru zilikuwa za kutisha: barani kote walikuwa wameshuka kutoka takriban 65,000 mwaka 1970 hadi chini ya 2,500 katikati ya miaka ya tisini. Kenya peke yake, iliyokuwa nao kama 20,000, ilibaki na wasiofika 400 mwishoni mwa miaka ya themanini.

Kwa haki yake, insha ile haikuwa na dharau kwa wenye njaa. Sehemu yake yenye nguvu inawashika matajiri kooni. Tunanunua zawadi za Krismasi, tunajenga majumba ya sanaa, tunasomesha watoto vyuo vya ghali, na hatusemi kwamba hayo yote yasubiri mpaka mtu wa mwisho ale. Kwa nini basi msitu na faru ndio wawe wa kwanza kutolewa? Njaa, alisema, inatokana zaidi na mgawanyo mbaya wa mali na ardhi, na kulima hifadhi ya mwisho kutaiahirisha kwa miaka michache tu.

Lakini hapo ndipo hoja inapomgeukia. Kama chanzo ni mgawanyo mbaya, basi anayepaswa kulipa ni aliyekusanya, na katika mifano ya insha ile anayelipa ni mwanakijiji aliye mpakani mwa hifadhi. Robin Attfield wa Cardiff, aliyewahi kufundisha Nairobi, alimjibu mwaka 1998 kwamba kuondoa umaskini na kuokoa maumbile kwa kawaida huenda pamoja, na kwamba kuyaweka kwenye mizani miwili kunawapumzisha wenye nacho. Rolston alijibu mwaka huo huo, akasimama palepale. Alikuwa amejenga nusu ya maisha yake juu ya kukataa kwamba binadamu ndiye kipimo cha yote. Hakuwa tayari kulegea pale kukataa huko kulipoanza kuuma.

Edinburgh tena, 1997–2025

Heshima zilikuja kutoka upande ambao wanafalsafa wenzake wengi hawakuuangalia. Mwaka wa masomo 1997–98 aliitwa Edinburgh kutoa mihadhara ya Gifford, ambayo kwa zaidi ya karne imekuwa jukwaa kuu la mazungumzo ya dini na sayansi. Alirudi katika mji ambako alifundishwa kwamba neema haikai kwenye maumbile, na mihadhara yake, iliyotoka kuwa kitabu Genes, Genesis and God mwaka 1999, ilidai kwamba historia ya uhai yenyewe ni ya uzazi, mateso na upya. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Templeton, yenye thamani ya zaidi ya dola milioni moja, akaipokea kwa Prince Philip katika jumba la Buckingham. Fedha alizipeleka Davidson, chuo alichosomea fizikia, kuanzisha kiti cha profesa wa dini na sayansi.

Huko Colorado aliendelea kutembea milimani na kuandika. Kitabu chake A New Environmental Ethics kilitoka mwaka 2012, na toleo la pili mwaka 2020, akikaribia miaka 88. Kati ya matoleo hayo, Machi 2018, faru mweupe wa kaskazini wa mwisho wa kiume, Sudan, alikufa Ol Pejeta, Laikipia. Walibaki majike wawili, Najin na Fatu, wanaolindwa na askari wenye silaha saa 24. Mwanafunzi anayetaka kuupima ule usemi wa Rolston juu ya ukoo hawezi kupata maabara kamili zaidi, na hapo pia ataona maswali ya Oruka: askari hao ni Wakenya, ardhi ina historia ya walowezi, na sehemu ya fedha hutoka mbali.

Rolston alifariki 12 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 92. Vitabu vya kufundishia somo alilosaidia kuanzisha humweka jalada moja na Guha, kurasa kadhaa mbele au nyuma, na mhadhiri mwenye busara huwapa wanafunzi wasome makala zote mbili wiki hiyo hiyo. Oruka hupatikana kwa shida zaidi. Kitabu alichohariri kutokana na kongamano la Nairobi, kilichochapwa 1994, sasa hutafutwa kwenye rafu za maktaba.